Uraia Pacha wa Mfilipino Aliyehama: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Tarehe 29 Agosti 2003 Rais Gloria Macapagal Arroyo alitia saini Sheria ya Jamhuri Namba 9225, na tangu hapo Mfilipino wa kuzaliwa aliyechukua uraia wa nchi nyingine ana njia ya kuurejesha uraia wake wa asili bila Ufilipino kumdai kwanza auache ule wa ugenini. Sheria yenyewe ni fupi, lakini yanayosemwa juu yake miongoni mwa Wafilipino wa Marekani, Kanada, Japani na Ulaya ni mengi, na baadhi yake yamewaponza watu. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambako Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010 huku Tanzania ikiendelea kumkatalia mtu mzima, atayatambua maswali mengi yaliyomo humu, ingawa majibu yake ni ya Manila.

Dhana iliyokita mizizi kuliko zote ni kwamba Katiba ya Ufilipino inapiga marufuku uraia pacha. Wanaoishikilia hutaja Ibara ya IV, kifungu cha 5, cha Katiba ya 1987, kinachosema kuwa utii wa raia kwa mataifa mawili unadhuru maslahi ya taifa na utashughulikiwa kwa sheria. Kifungu hicho kipo, ila hakizungumzii uraia pacha. Mwaka 1999, katika shauri la Edu Manzano, mwigizaji aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wafilipino na kuchaguliwa makamu wa meya wa Makati, Mahakama ya Juu ilieleza kuwa uraia pacha humpata mtu bila hiari yake, pale sheria za nchi mbili zinapomhesabu kuwa raia kwa wakati mmoja, ilhali utii wa pande mbili hutokana na tendo lake mwenyewe. Sheria ya 2003 ilipopingwa mahakamani kwa kutumia kifungu hichohicho, hukumu ya mwaka 2007 iliiacha isimame: anayekula kiapo anakiri mamlaka kuu ya Ufilipino, na kama kuna tatizo la utii wa pande mbili, basi ni la ile nchi nyingine kulitatua. Kwa maoni yangu huo ni werevu wa kisheria unaokaribia ujanja, na ndio unaozaa dhana inayofuata.

Wengi huamini kwamba, kwa kuwa Manila imekubali, jambo limekwisha. Ukweli ni kwamba Ufilipino inaweza kumrudishia mtu uraia wake, lakini haiwezi kumhakikishia kuwa atabaki na ule wa pili. Sheria ya uraia ya Japani inasema Mjapani anayepata uraia wa kigeni kwa hiari yake anaupoteza wa Japani. Hivyo Mfilipina aliyechukua uraia wa Japani baada ya miaka mingi ya ndoa, akienda ubalozini kula kiapo, anajitia katika hatari ambayo afisa wa ubalozi wa Ufilipino hana uwezo wa kuizuia. Ujerumani ilikuwa na msimamo wa aina hiyo mpaka sheria yake mpya ilipoanza kutumika tarehe 27 Juni 2024. Marekani ni habari nyingine: ingawa kiapo cha kuwa raia wake kina maneno ya kukana utii kwa dola za kigeni, Mahakama yake ya Juu iliamua mwaka 1967, na kusisitiza mwaka 1980, kwamba mtu hapotezi uraia wa Marekani bila kukusudia kuuacha. Na kuna Hispania, ambayo kwa sababu ya historia ya ukoloni inamruhusu Mfilipino kuomba uraia baada ya kuishi huko miaka 2, badala ya 10 ya kawaida, bila kumtaka auache wa kwao. Kwa hiyo anayeuliza kama anaweza kuwa na uraia pacha lazima aulize katika nchi zote mbili.

Ipo pia imani kwamba uraia wa asili hurudi wenyewe kwa kuwa sheria imeshapitishwa. Haurudi. Chini ya sheria ya mwaka 1936, kupata uraia wa kigeni kulimvua Mfilipino uraia wake, na kinachomrudisha ni kiapo. Mwombaji hupeleka fomu, picha, cheti cha kuzaliwa na cheti cha uraia wa kigeni kwenye ubalozi, au Idara ya Uhamiaji akiwa nchini, kisha hunyanyua mkono na kuapa kuitetea Katiba na kuzitii sheria za Ufilipino. Hutoka na kiapo kilichosainiwa, amri ya kuidhinisha ombi lake na cheti cha utambulisho. Pasipoti haimo, hiyo huombwa peke yake.

Tarehe nazo zina uzito ambao watu huupuuza. Sheria inawatofautisha waliochukua uraia wa kigeni kabla haijaanza kutumika, ambao wanaupata tena wa asili, na waliouchukua baadaye, ambao wanahesabiwa kuwa wamebaki nao mara tu wanapoapa. Mzee mmoja aliyehamia Kanada mwaka 1974 na kuwa raia wake alirudi kustaafu Mindoro, na mnamo Aprili 2007 akaomba kukodishwa ardhi ya serikali akijaza kwenye fomu kwamba yeye ni Mfilipino. Aliapa Oktoba mwaka huohuo, akadhani kiapo kingelifunika lile la Aprili. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema kwamba uraia wake haukurudi nyuma hadi siku aliyojaza fomu, na kwamba palikuwa na sababu ya kumshtaki kwa kughushi.

Wapo wanaodhani kwamba anayerejea hivyo huwa raia wa daraja la pili, sawa na mgeni aliyepewa uraia wa tajnisi. Mwaka 2001, katika shauri la mbunge Teodoro Cruz aliyewahi kukitumikia kikosi cha Marine cha Marekani, Mahakama iliamua kwamba anayerejeshwa hurudi na hadhi aliyokuwa nayo, na kama alikuwa raia wa kuzaliwa basi ni wa kuzaliwa tena. Ndiyo maana Grace Poe, mtoto aliyeokotwa kanisani Iloilo mwaka 1968, akawa Mmarekani mwaka 2001 na kuurejesha uraia wa Ufilipino mwaka 2006, aliruhusiwa kugombea urais mwaka 2016.

Kuhusu familia, makosa hutokea zaidi kwa watoto. Mwenzi hafuati kiapo cha mume au mke. Kila mmoja ana safari yake. Mtoto ambaye hajaoa au kuolewa na hajatimiza miaka 18 anaingia pamoja na mzazi, awe amezaliwa ndani ya ndoa, nje yake, au ameasiliwa. Aliyekwisha kutimiza miaka 18 haingii. Hata hivyo wazazi wengi hukata tamaa bila sababu, kwa maana swali la kwanza si umri wa mtoto, ni kama baba au mama yake alikuwa bado Mfilipino siku alipozaliwa. Kama alikuwa, mtoto huyo ni Mfilipino tangu kuzaliwa, hahitaji sheria ya 2003 hata kidogo. Kinachotakiwa ni kuripoti kuzaliwa kwake ubalozini, hata kama amechelewa. Tahadhari moja: waliozaliwa kabla ya tarehe 17 Januari 1973 kwa mama Mfilipina na baba mgeni walipaswa kuchagua uraia wa Ufilipino walipofikia utu uzima.

Ardhi haichukuliwi kwa mtu kubadili uraia baada ya kuinunua, na aliyepoteza uraia wa kuzaliwa anaweza bado kununua mpya kwa kiwango: mita za mraba 1,000 mjini au hekta 1 kijijini kwa makazi, na mita za mraba 5,000 au hekta 3 kwa biashara. Akirejesha uraia, vipimo hivyo havimhusu tena. Kodi nayo inatisha watu bure, kwani Mfilipino anayeishi nje hutozwa na Ufilipino kwa kipato kinachotoka Ufilipino tu. Mshahara wa Toronto haumo. Akihamia nyumbani moja kwa moja, hesabu inabadilika.

Kwenye siasa sheria haina upole. Anayetaka kuchaguliwa lazima aukane uraia wa kigeni kwa kiapo cha pekee, tofauti na kile cha kurejesha, na lazima matendo yake yafanane na kiapo hicho. Rommel Arnado alikula viapo vyote viwili, akachaguliwa meya wa Kauswagan, Lanao del Norte, mwaka 2010. Ikagundulika kwamba baada ya kuukana uraia wa Marekani mwezi Aprili 2009 alikuwa bado akisafiri kwa pasipoti ya Marekani. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilimwondoa na kumtangaza mpinzani wake kuwa mshindi. Wapo walioiona hukumu hiyo kuwa kali kupita kiasi kwa mtu aliyepigiwa kura na watu wake. Mimi naona ni vigumu kudai umeiacha nchi huku unaonyesha pasipoti yake uwanja wa ndege.

Kupiga kura ni jambo jepesi zaidi. Tangu hukumu ya mwaka 2006 mwenye uraia pacha anaweza kujiandikisha na kupiga kura akiwa nje bila kwanza kurudi kuishi Ufilipino, ingawa anachagua viongozi wa kitaifa tu na si meya wa mji wake. Wanaozuiwa ni wanaogombea au kushika nafasi ya umma katika nchi yao ya pili, na walio kazini katika majeshi yake kama maofisa au kwa vyeo vya chini yao kama sajini.