Mvua imesafika, mbona samaki hawarudi?

Tangu miaka ya 1980 nchi za Ulaya zimebana sana moshi wenye salfa, na mvua ya tindikali imepungua mno. Hata hivyo vijito vingi vya milimani huko Wales na kusini mwa Norway vilikaa miaka mingi bila samaki wake wa zamani. Kwa nini?

Wengi hujibu kwamba tindikali yenyewe ndiyo inayoua. Inachangia, lakini muuaji mkubwa ni alumini. Metali hii imejaa kwenye udongo wa mlima na kwa kawaida imetulia. pH (kipimo ambacho hushuka tindikali inapozidi) ikiwa chini ya 5.5 hivi, alumini huyeyuka, huteremka hadi kijitoni na kunata kwenye matamvua ya samaki. Matamvua hujaa ute, pumzi hukatika, na chumvi ya damu huvujia majini. Ndiyo maana vijito viwili vyenye pH ileile huweza kutofautiana kabisa: maji ya kahawia yenye mboji nyingi huifunga alumini na kuipunguzia sumu, ilhali maji maangavu yanayopendeza macho huua.

Basi kwa nini mvua safi haitoshi? Udongo ni kama ghala la mahindi. Kwa miongo mingi ulitoa kalisi (kalsiamu) yake kuzimua tindikali. Anayelijaza upya ni mwamba unaomomonyoka, na mwamba wa graniti huleta kibaba kwa kibaba. Kukomesha mvua chafu ni kuwaondoa walaji tu. Ghala linabaki tupu. Misonobari ya kupandwa huongeza hasara: majani yake hunasa uchafu wa hewani, na magogo yakivunwa huondoka na kalisi.

Hapo ndipo chokaa huingia, yaani unga laini wa mawe ya chokaa unaozimua tindikali ya maji. Chokaa ya kuchomwa haifai, kwani ikizidi kidogo tu hupandisha pH hadi kuua. Norway huweka kando ya mto ghala la unga lenye mtambo unaopima pH na wingi wa maji, kisha humwaga kiasi kinachohitajika. Kwenye mito ya samoni, lengo ni pH 6.2 kuanzia katikati ya Februari na 6.4 mwezi Aprili na Mei, kwa sababu samoni wachanga wanaojiandaa kwenda baharini hudhuriwa na alumini kidogo sana. Mtambo ukizimika theluji inapoyeyuka, kazi ya mwaka mzima huharibika. Tena, mahali maji yenye chokaa yanapokutana na kijito chenye tindikali, alumini hugandamana na kwa muda huwa na sumu kali kuliko awali. Usiwafungulie samaki hapo.

Wadudu wa majini ni wazito zaidi kurudi. Vijito vya Llyn Brianne, Wales, vinafuatiliwa tangu 1981, na baadhi ya mabonde yake yalimwagiwa chokaa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980. Kemia ya maji iliimarika, lakini wadudu wasiovumilia tindikali waliorudi ni aina chache, tena kwa kusuasua. Maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba mafuriko bado hushusha pH kwa saa au siku chache, na muda huo unatosha kuwafuta. Umbali kutoka vijito ambako wadudu hao bado wapo huenda unachangia, ingawa ushahidi wake ni hafifu. Kwa hiyo pima siku ya mafuriko, na upime alumini pamoja na pH.