Mita 400 za kwenye boksi si umbali wa kumwona mgeni

Wengi wanaonunua kengele ya kutambua anayeingia njia ya nyumbani huamini kuwa iliyoandikwa "mita 400" itamnasa mtu akiwa mbali hivyo. Kwa kawaida namba hiyo ni umbali wa mawimbi ya redio kati ya kihisi cha nje na kipokezi cha ndani, tena pasipo kizuizi. Jicho la kihisi lenyewe mara nyingi huishia mita 8 hadi 12. Na kwa nyumba za milimani Mwanza, jabali moja kati ya geti na sebule hudhoofisha hata hayo mawimbi.

Jicho hilo hufuata joto linalohama. Likielekezwa moja kwa moja kwa anayekuja, huchelewa kumwona. Ligeuze ili akatize mbele yake, kimo cha mita 1 hivi. Saa nane mchana, mawe yakishapata joto karibu na la mwili, uwezo wake hupungua. Matawi yanayopepea juani huiliza kengele bure, na buibui anayetambaa kwenye jicho pia.

Kupima ni rahisi: mmoja abaki na kipokezi, mwingine akatize mbele ya kihisi akiwa umbali wa mita 4, 8, kisha 12, asubuhi na mchana.