Kila Fundi na Mwiko Wake: Namna Wapigaji wa Ala za Kihistoria Wanavyopata Riziki

Mara kwa mara, baada ya mazoezi ya kwaya katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, kijana hunijia na kuniuliza: “Papa, hiyo fidla ya nyuzi za utumbo wa mnyama inakulisha kweli?” Nilisomea fidla ya baroko, yaani ya muziki wa Ulaya wa karne ya 17 na mwanzo wa ya 18, huko Ubelgiji na kuishi huko kwa kupiga miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo swali ni la haki, nami nalijibu kwa urefu kwa sababu jibu fupi hupotosha.

Niondoe kwanza dhana moja. Wengi hudhani kwamba mpigaji wa ala za kihistoria anashika kitu kilichotolewa makumbusho. Wapo wachache wenye bahati hiyo, lakini walio wengi hupiga ala mpya, zilizochongwa na mafundi walio hai kwa kufuata vipimo vya karne ya 17 na ya 18. Hata fidla za Stradivari, fundi mashuhuri wa Italia aliyefariki mwaka 1737, karibu zote zilifunguliwa baadaye na kuwekewa shingo yenye mwinamo mkubwa zaidi, hivyo nakala nzuri iliyotengenezwa juzi yaweza kuikaribia sauti ya wakati ule kuliko ala yenyewe ya kale.

Sasa riziki. Mpigaji wa okestra ya kawaida hufanya mtihani, akishinda hupewa kiti, na kiti kina mshahara. Kwetu sisi viti vya namna hiyo ni adimu mno. Vikundi vingi hukusanywa kwa ajili ya mradi mmoja: siku chache za mazoezi, matamasha kadhaa, pengine kurekodi, kisha kila mtu hushika njia yake hadi simu ilie tena. Anayetaka kuelewa awatazame waashi wa mji huu, wanaotoka shantie hii kwenda ile, kila mmoja na mwiko wake. Anayeitwa tena ni yule aliyewahi kufika, ambaye ukuta wake ulinyooka na ambaye hakugombana na wenzake. Ufaransa sheria inautambua ugumu huu: msanii wa miradi akifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12, hupata haki ya posho kwa siku ambazo hana kazi. Nimewaona wenzangu wakizihesabu saa hizo jinsi mama anavyohesabu vipimo vya unga mwisho wa mwezi.

Hali hiyo haikuanza leo. Nikolaus Harnoncourt aliingia okestra ya simfonia ya Vienna mwaka 1952 kama mpiga selo, ile ala kubwa ya jamii ya fidla, na mwaka uliofuata yeye, mkewe Alice na wenzao wakaanzisha Concentus Musicus Wien, kikundi cha ala za kihistoria. Walifanya mazoezi miaka minne hivi kabla ya tamasha lao la kwanza mwaka 1957, naye hakukiacha kiti chake cha okestra hadi mwaka 1969. Kwa hesabu yangu, ala za kale zililishwa na ala za kisasa kwa miaka 16, na hiyo miaka minne ya kupiga bila hadhira ndiyo ambayo vijana hawapendi kuisikia.

Mwiko wetu, yaani ala, nao ni ghali, kwa sababu mmoja hautoshi. Leo noti iitwayo “la”, ambayo ala zote hulinganishwa nayo, hupimwa kwa hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, lakini vikundi vya baroko vimekubaliana kutumia 415, yaani nusu toni chini. Muziki wa Ufaransa wa zama za Louis wa 14 mara nyingi hupigwa kwa 392, na ule wa Haydn na Mozart kwa 430. Sisi wa fidla tunalegeza au kukaza nyuzi, ingawa nyuzi hazifurahii, na klavesini nyingi, vile vinanda vya kale, zina kibodi inayosogezwa upande kwa kibonyezo kimoja. Mpiga oboe, ala ya kupuliza, hana njia hiyo: kila kipimo kinamtaka ala nyingine na matete mengine ya kupulizia, anayoyachonga mwenyewe usiku wakati sisi tumelala. Ndiyo maana karibu kila mmoja hufundisha pia, na waliopitia shule kama Schola Cantorum ya Basel, Uswisi, iliyofunguliwa mwaka 1933, huko ndiko wanakokutana na watu watakaowapigia simu miaka 20 baadaye.

Je, mtu anaweza kuishi hivyo akiwa Lubumbashi? Kwa sasa hapana, kwa kuwa simu hizo hazilii huku, na kiangazi chetu kikavu hukatisha nyuzi za utumbo kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini kujifunza kunaweza kuanzia hapa, tena kwa fidla ya kawaida. Kijana mmoja nilimwambia aondoe kile kishikio cha kidevu, ambacho watu wa baroko hawakuwa nacho, aweke nyuzi za utumbo, na apige menueti moja tu, yaani dansi fupi ya zama zile, kwa miezi mitatu. Alirudi wiki ya sita, uzi wa juu umekatika, akauliza mwingine unapatikana wapi. Nilikuwa nimebaki na mmoja. Nilimwuzia kwa bei niliyonunulia, naye akaufunga hapo hapo barazani.