Pua na Sainasi kwa Mtu Mzima Mwenye Sistiki Faibrosisi: Maswali na Majibu

Sistiki faibrosisi huathiri mapafu. Kwa nini daktari ananiuliza habari za pua?

Kwa sababu kasoro ni ileile. Ugonjwa huu wa kurithi hutokana na hitilafu katika jeni ya CFTR, iliyotambuliwa mwaka 1989, ambayo huongoza utengenezaji wa protini inayopitisha chumvi na maji kwenye utando wa seli. Protini hiyo isipofanya kazi, kamasi huwa nzito na yenye kunata, mapafuni na vilevile ndani ya sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyomo katika mifupa ya uso. Humo bakteria kama Pseudomonas na Staphylococcus hupata maskani, na mara nyingi nyama za pua huota. Bakteria hao wanaweza kushuka hadi mapafuni, ndiyo maana hata mtu aliyepandikizwa mapafu mapya huendelea kuangaliwa pua.

Mbona mimi sisikii shida yoyote?

Wagonjwa wengi husema hivyo, na jibu hilo halimtoshi daktari mzoefu, kwani aliyekua na pua iliyoziba hana cha kulinganisha nacho. Jiulize badala yake: unasikia harufu ya vitunguu vikikaangwa jikoni? Unaamka kinywa kikiwa kikavu kwa kuwa ulilala mdomo wazi? Makamasi yanateremka nyuma ya koo usiku? Kwa upande mwingine, picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya kichwa) peke yake isikutie hofu, maana karibu kila mwenye ugonjwa huu huonekana sainasi zimejaa, na zile za kwenye paji la uso mara nyingi ni ndogo au hazikukua kabisa. Tiba hufuata dalili zako na kile daktari wa pua anachokiona kwa kamera, pamoja na picha hiyo.

Kusafisha pua kwa maji ya chumvi hufanywaje?

Hili ndilo jambo ambalo ningelisisitiza kuliko mengine yote. Chemsha maji yatokote kwa dakika 1 (dakika 3 kwa anayeishi nyanda za juu kama Eldoret), yafunike, uyaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Katika mililita 240 koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi safi isiyotiwa madini joto, au tumia pakiti maalumu kutoka duka la dawa. Inama juu ya sinki, geuza kichwa upande, pumulia mdomoni, kisha mimina polepole kwenye tundu la juu hadi maji yatokee tundu la pili. Penga taratibu, bila kukaza.

Anayetawadha amezoea kupandisha maji puani, lakini hapa maji ni mengi zaidi na yanafika mbali zaidi, kwa hiyo maji ya bomba yasiyochemshwa hayafai: yanaweza kuwa na ameba adimu anayeshambulia ubongo. Chupa nayo ioshwe na kukaushwa kila baada ya matumizi, kwa kuwa Pseudomonas hupenda unyevunyevu.

Na dawa za kupuliza?

Dawa ya steroidi, yaani ile ya kupunguza uvimbe ndani ya pua, hupulizwa baada ya kusafisha, la sivyo itaishia juu ya kamasi. Elekeza ncha upande wa sikio, mbali na ukuta wa katikati ya pua, ili kupunguza kutokwa damu. Zile dawa za kuzibua pua haraka zisizidi siku chache, kwani zikizoeleka pua huziba zaidi.

Upasuaji utanimalizia tatizo?

Hapana. Upasuaji wa kamera hupanua njia na kuondoa nyama, hivyo dawa na maji hufika yanakotakiwa, lakini nyama huweza kuota tena. Kabla yake, mwili usiofyonza mafuta vizuri, kama ilivyo kwa wengi wenye ugonjwa huu, unaweza kuwa na upungufu wa vitamini K inayosaidia damu kuganda, kwa hiyo uwezo wa damu kuganda upimwe.

Natumia vidonge vipya vya CFTR, vinavyoisaidia ile protini kufanya kazi. Bado nioshe pua?

Mchanganyiko wa elexacaftor, tezacaftor na ivacaftor, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2019, umewapunguzia wengi dalili za pua kwa kiasi kikubwa, ijapokuwa hausaidii kila aina ya hitilafu ya jeni, na bei yake ni ya kutisha. Usiache kuosha kwa uamuzi wako mwenyewe. Zungumza kwanza na daktari wako.

Ni lini niende hospitali bila kungoja miadi?

Jicho likivimba au kuona vitu viwiliviwili, kichwa kikiuma vikali pamoja na homa, au shingo ikikakamaa. Hizo zinaweza kuwa dalili kwamba maambukizi yametoka kwenye sainasi na kuingia kwenye jicho au kuukaribia ubongo, na hapo ni kwenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.