Oast haikuwahi kuwa roast

Ukipita mashambani Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, utaona majengo ya matofali yenye paa lililochongoka kama pia, na juu yake kofia nyeupe ya mbao inayogeuka na upepo. Huitwa oast house, na yalijengwa kukaushia hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake. Wapo wanaodhani oast ni roast, yaani kuchoma, iliyodondosha herufi r. Sivyo kabisa.

Roast iliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066. Oast ilikuwapo kabla yao: Kiingereza cha kale kiliandika āst, maana yake tanuri la kukaushia. Kiholanzi kina ndugu yake, eest, na Kilatini kina aestus, joto kali.

Linalonivutia zaidi ni kwamba neno limekitangulia kilimo cha hopsi. Tanuri hilo lilitumika kukaushia nafaka na kimea karne nyingi kabla wakulima wa Kent hawajaanza kulima hopsi. Hopsi mbichi zilitandazwa juu ya sakafu yenye matundu, moto ukiwa chini, mvuke ukitokea kwenye ile kofia. Hazikuchomwa: zikiungua, zimeharibika.