Injini ya Mini ya zamani: dhana zinazowapoteza wengi, na ukweli wake

Mini, gari dogo, ilizinduliwa Uingereza mwaka 1959 na ikaendelea kutengenezwa hadi 2000, umbo likiwa karibu lile lile. Injini zake zote za miaka hiyo ni za ukoo mmoja, A-Series, na kwa nje zinafanana mno. Unaweza kuitoa ya cc 848 na kupachika ya cc 1275 bila kugusa bodi, na wenye magari wamefanya hivyo tangu zamani. Kwa hiyo mtu anaagiza pistoni kwa kukisia, zinafika, haziingii. Hasara hiyo inaepukika kabisa.

Dhana: “Nyuma kuna nembo ya Cooper, basi ni Cooper.”

Cooper ni toleo la Mini lenye nguvu zaidi, lakini nembo yake huuzwa kama pambo na hubandikwa na yeyote. Rangi ya bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, nayo haithibitishi kitu. Hata namba ya chesisi hukueleza tu jinsi gari lilivyotoka kiwandani; yaliyofuata haiyajui.

Dhana: “Namba ya injini inamaliza ubishi.”

Inasaidia sana, na ndiyo ya kwanza kutazamwa. Fungua boneti, tazama mbele ya bloku, juu ya altaneta, karibu na plagi ya kwanza. Namba ikianza na 85H, injini ilizaliwa cc 848. 99H ni 998. 10H ni 1098. 12H ni 1275. Nasema ilizaliwa kwa sababu silinda huchongwa upya zikichakaa. Injini ya 998 iliyopanuliwa kwa inchi 0.060, kiasi cha milimita moja na nusu, inafika takriban cc 1046, na namba inabaki ile ile. Isitoshe, mara nyingi namba hiyo iko kwenye kibao kilichopigwa ribiti, na kibao huweza kuhamishiwa bloku nyingine.

Dhana: “997 na 998 ni injini moja, tofauti ni ya kuandika tu.”

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, maana cc moja inamfanya mtu aone kama kosa la kalamu. Cooper ya kwanza, ya 1961, ilikuwa na cc 997: kipenyo cha silinda milimita 62.43 na mwendo wa pistoni (umbali inaopanda na kushuka) 81.28. Ile ya 998 iliyochukua nafasi yake mwaka 1964 ina kipenyo 64.58 na mwendo 76.2. Silinda za ya kwanza ni nyembamba na ndefu, za pili ni pana na fupi, ila ujazo unakaribiana. Pistoni hazibadilishani, ringi hazibadilishani, krankshafti pia ni tofauti.

Dhana: “Hedi ina maandishi 12G940, kwa hiyo chini kuna 1275.”

Hedi, yaani sehemu inayofunika silinda kwa juu, hufunguliwa na kuhamishwa kuliko sehemu nyingine yoyote kubwa ya injini. Hedi ya 12G295, iliyotumika kwenye Cooper ya 998, imepachikwa kwenye injini nyingi za kawaida ili kuzipa nguvu. Maandishi ya hedi yanaitambulisha hedi.

Basi soma bloku yenyewe. Chukua kioo kidogo na tochi, uchungulie upande unaotazama kabini, chini ya manifoldi. Injini za silinda nyembamba, yaani 848, 997, 998 na 1098, zina vifuniko viwili vidogo vya tapeti ubavuni mwa bloku. (Sisemi kile kikubwa cha juu ambacho mafundi wengi hukiita tapeti kava.) Injini ya kawaida ya 1275 haina vifuniko hivyo. Za Cooper S, Cooper yenye nguvu zaidi, zinavyo, ingawa silinda zake ni pana, kwa hiyo hapo usikimbilie kuamua.

Kisha pima mwendo wa pistoni. Toa plagi zote, weka gia ya nne, ingiza waya mrefu laini kwenye tundu la plagi ya kwanza, na mwenzako alisukume gari polepole; waya utapanda na kushuka, na tofauti hiyo ndiyo mwendo. Ushike waya kwa vidole muda wote usije ukabanwa, na starta isiguswe. Tundu limelala kidogo, hivyo kipimo ni cha kukadiria, lakini milimita 68 za 848 na 76 za 998 huwezi kuzichanganya. Ukipata kama 81 na vifuniko vipo, fikiria 997 au 1275 ya Cooper S. Vifuniko visipokuwepo, ni 1275 ya kawaida. Ya 1098 ina karibu 84, na tofauti ndogo hiyo usiiamini bila kuangalia vifuniko.

Kipenyo hakipimiki mpaka hedi itoke. Ikitoka, futa masizi juu ya pistoni: zilizowekwa baada ya kuchonga silinda mara nyingi zimegongwa namba kama 020 au 060, yaani sehemu za elfu za inchi zilizoongezwa. Ringi ziagizwe kwa namba hiyo.