Jeki ya mafuta inavyoinua lori

Malori mengi yanayoletwa kwenye gereji yetu hapa Tanga hubeba mkonge au machungwa ya Muheza, na wenye nayo huniuliza jinsi jeki inayobebwa kwa mkono mmoja inavyoweza kuinua uzito wa tani 5. Jeki haizalishi nguvu yoyote. Hukupa nguvu kwa kukutoza umbali, kwanza kwenye mpini, kisha kwenye mafuta.

Mpini ni wenzo. Ukiwa na urefu wa sentimita 60, na pistoni ndogo ya pampu ikiwa sentimita 3 tu kutoka kwenye egemeo, msukumo wa kilo 10 mkononi huifikia pistoni hiyo ukiwa kilo 200. Hapo huingia kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, kwamba mgandamizo unaotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa kwa usawa pande zote. Pistoni ndogo ikiwa na kipenyo cha sentimita 1 na ile kubwa sentimita 5, eneo la kubwa ni mara 25 ya ndogo, hivyo kilo 200 huwa tani 5, ukiondoa kinacholiwa na msuguano. Ndogo ikishuka milimita 25, lori hupanda milimita 1 tu, na ndiyo maana utingo hupampu hadi jasho limtoke.

Mpini unapoinuliwa, kinacholizuia lori lisirudi chini ni gololi ya chuma iliyokaa kwenye tundu: mafuta yakienda kwenye pistoni kubwa gololi huyapisha njia, yakitaka kurudi huikandamiza ikaziba. Chembe moja ya mchanga ikinasa hapo, jeki huanza kushuka polepole. Tena chini ya tani 5 mafuta hayo yamebanwa kwa takriban kilo 250 kwa kila sentimita ya mraba, ilhali tairi la lori hujazwa hadi 8 hivi, na yanazuiwa na sili ya mpira. Kwangu mimi, basi, jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia; kabla mtu hajaingia chini ya gari, uzito uhamishiwe kwenye stendi za chuma na magurudumu yaliyobaki chini yatiwe kabali. (Wanaojazia jeki mafuta ya breki ndio wanaoniudhi zaidi, kwa kuwa huivimbisha sili hiyo hiyo.)

Ardhi nayo hubeba mzigo ule ule. Kitako cha jeki chenye sentimita 12 kila upande hukandamiza kilo 35 kwa kila sentimita ya mraba, na kwenye mchanga wa pwani kitazama au kuinama kabla tairi halijaachana na ardhi. Ubao mgumu, mnene, wenye sentimita 40 kila upande hupunguza mkandamizo huo hadi kilo 3 hivi, kwa hiyo dereva wa pwani aubebe pamoja na jeki yake.